Ushindi wa Yaoundé haukuwa muujiza

Na Tsuma Mwero

Mashabiki wa mpira wa vikapu nchini wakikutana, mazungumzo hayachelewi kufika Yaoundé, Februari 2021. Angola wanaongoza 73 kwa 72, sekunde zinayoyoma, mpira uko mikononi mwa Tylor Ongwae. Anaruka, anarusha, mpira unatumbukia na ubao unasoma 74 kwa 73. Kenya, ambayo ilikuwa haijaonekana kwenye AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika, tangu 1993 ilipoandaa mashindano hayo Nairobi na kumaliza ya nne, imewafunga mabingwa mara 11 wa Afrika. Zilikuwa zama za korona, wengi waliuona mrusho ule kwenye simu zao tu, na hadi leo wanausimulia kana kwamba walikuwa wameketi mstari wa mbele. Furaha hiyo ni halali yetu. Ninachokataa ni jina tulilolipa tukio lenyewe. Tunaliita muujiza, na kwa kuliita hivyo tunawasamehe watu ambao hawakustahili kusamehewa. Msimu ule ni ushahidi, na ushahidi wenyewe unasema kwamba uwezo tulikuwa nao kwa miaka mingi ila haukupata mtu wa kuulea.

Tazama kalenda. Novemba 2020, katika raundi ya kwanza ya mechi za kufuzu kule Kigali, Angola hao hao waliifunga Kenya. Miezi mitatu baadaye matokeo yakageuka. Katika miezi mitatu hakuna mchezaji anayerefuka, na hakuna mtu mzima anayejifunza upya kulenga kikapu. Kilichobadilika ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa viongozi. Januari 2021 timu ilikabidhiwa kwa kocha Liz Mills kutoka Australia. Vijana wa ligi ya nyumbani wakafanya kazi pamoja na wenzao wa ng'ambo kama Ongwae, aliyekuwa akiichezea Bakken Bears ya Denmark, na kila mmoja akajua kazi yake uwanjani. Wala Mills hakukuta shamba tupu. Mwaka 2019, chini ya Cliff Owuor, timu hii ilikwenda Bamako kwenye AfroCan, mashindano ya wachezaji wanaosakata mpira wao barani Afrika, ikafika fainali na kushindwa huko na Congo ya Kinshasa. Dalili zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuziona. Kama maandalizi ya muda mfupi hivyo yalitosha kuifikisha Kenya pale, basi ile miaka 28 ya kukaa nje haiwezi kuelezwa kwa ukosefu wa vipaji. Tulikaa nje kwa sababu hatukujiandaa.

Najua jibu la haraka: pointi moja, mrusho wa mwisho, bahati tu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama hadithi ingeishia Yaoundé. Haikuishia hapo. Agosti mwaka huo timu ilikwenda Kigali kwenye AfroBasket yenyewe, ikawafunga Mali 72 kwa 66, kisha ikatolewa na Sudan Kusini kwa 60 kwa 58 katika mechi ya kuwania robo fainali. Timu ya bahati haiwashindi Mali kwa pointi 6, wala haipotezi kwa kikapu kimoja dhidi ya wapinzani ambao miaka miwili baadaye walimaliza Kombe la Dunia wakiwa juu ya kila timu ya Afrika. Matokeo hayo ya 2023 yaliwapeleka Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris 2024, na huko wakawafunga Puerto Rico 90 kwa 79. Siku ile Kigali tulikuwa kikapu kimoja nyuma yao. AfroBasket ya 2025 kule Angola, Sudan Kusini walikuwepo, Rwanda na Uganda walikuwepo, sisi hatukuwepo. Linganisha timu hizi mbili tangu siku ile ya Kigali nawe utaona hasara tuliyojitia.

Wapo wanaosema Sudan Kusini wamebebwa na vijana waliokulia Marekani na Australia. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na si aibu. Lakini hata Kenya ina wana wake ng'ambo, na Ongwae ni mfano tosha. Tofauti iko kwenye uendelevu. Luol Deng, aliyepata kuwa nyota wa NBA, alishika uongozi wa shirikisho la kwao na hakubanduka. Kocha Royal Ivey aliyekuwa nao Kigali 2021 ndiye aliyewafikisha Paris. Kwetu, kocha aliyeturudisha Afrika baada ya miaka 28 hakudumu. Mwaka uliofuata Mills alikuwa Morocco akiinoa AS Salé, akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika BAL, ligi ya vilabu vya Afrika. Wenzetu walipata walichopata kwa kushikilia walichokuwa nacho, na sisi tukakiachia chetu kikiwa bado cha moto.

Hili si jambo la Afrika peke yake. Mashabiki wa vyuo vya Marekani bado wanazungumzia Chuo Kikuu cha Virginia, ambacho mwaka 2018 kilikuwa timu ya kwanza ya wanaume kuingia mashindano ya taifa kikiwa kimepangwa nambari 1 na kufungwa na timu iliyopangwa nambari 16. Chuo kidogo cha UMBC kiliwachapa 74 kwa 54. Fedheha kama ile kwingineko ingemfukuzisha kocha kabla hajashuka kwenye basi. Virginia walibaki na kocha wao, Tony Bennett, na baadhi ya wachezaji wao wakuu wakabaki pia. De'Andre Hunter, ambaye jeraha lilikuwa limemweka nje siku ya kipigo kile, akarudi. Mwaka 2019 nusu fainali ilifika ukingoni wakiwa nyuma ya Auburn kwa pointi 2, ikiwa imebaki chini ya sekunde moja. Kyle Guy akasimama kwenye mstari wa adhabu, akatia mitupo yote mitatu, wakashinda 63 kwa 62. Siku mbili baadaye wakawafunga Texas Tech 85 kwa 77 katika muda wa nyongeza na kutwaa ubingwa wa taifa. Wao walimhifadhi kocha wao baada ya aibu. Sisi hatukuweza kumhifadhi wetu hata baada ya sifa.

Msomaji wa hapa Kinango, awe wa Samburu, Mackinnon Road au Kasemeni, anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu moja kwa moja, kwa sababu kaunti yetu ya Kwale ina ushahidi wake. Shule ya upili ya Kaya Tiwi, kule Tiwi, imewahi kuwa bingwa wa kitaifa wa mpira wa vikapu wa wasichana na kuiwakilisha Kenya katika michezo ya shule za Afrika Mashariki. Shule ya pwani ya kusini imesimama mbele ya shule za Nairobi na za magharibi na kushinda. Utaambiwa timu kubwa za shule hukusanya wachezaji kutoka kila pembe ya nchi, na kwamba ubingwa wao hauthibitishi chochote kuhusu mtoto wa Kinango. Mimi nauona udhaifu uleule kwa upande wa pili. Kama shule yenye jina iko ndani ya kaunti, na mtoto wa Samburu hafiki pale akiwa tayari anaujua mchezo, lawama si ya shule hiyo. Lawama iko kwenye viwanja vya shule za msingi anakotoka.

Viwanja vyenyewe tunavijua. Nguzo moja imeinama, ubao umepasuka kwa jua, pete ya chuma haina wavu, na chini ni udongo mwekundu wenye mawe. Huu mchezo hujifunzwa kwa kudunda mpira, na mpira haudundi sawa kwenye udongo. Ukigonga jiwe unakwenda upande, ukigonga vumbi unafia papo hapo. Mtoto anayecheza hapo hujifunza kushika na kupasia tu, kwa sababu kudunda ni kuupoteza mpira. Akifika shule ya upili anakutana na wenzake waliodunda kwenye saruji tangu wakiwa na miaka minane, na tayari ameachwa mbali ingawa mikono yake ni ileile na kimo chake ni kilekile. Ndivyo kipaji kinavyozikwa bila mtu yeyote kukusudia.

Pingamizi zito zaidi, na sitalipita juu juu, ni la maji. Katika wadi ambako akina mama bado wanahangaika na madumu wakati wa kiangazi, je, ni haki kudai uwanja wa saruji? Ingekuwa lazima kuchagua kimoja, ningechagua maji bila kusita. Lakini bajeti ya kaunti haipangwi hivyo. Maji yana fungu lake, michezo ina lake, na fungu la michezo likikosa mradi wa maana halihamii kwenye bwawa. Mara nyingi huishia kwenye jezi na vikombe vya mashindano ya wikendi moja. Wala hatuwezi kujificha nyuma ya hoja kwamba shule ni za serikali kuu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti shughuli za michezo pamoja na vifaa vyake. Sakafu ya saruji na nguzo mbili zilizosimama wima, hata nje ya ua wa shule, karibu na soko au zahanati, ni kazi ya kaunti kisheria.

Kwa hiyo ninyi mnaousimulia mrusho wa Ongwae kila tukikutana, nawaomba jambo moja. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti vikifika kwenye wadi zenu, nendeni. Ombeni sakafu moja ya saruji kwa kila moja ya wadi saba za Kinango, na mwalimu mmoja wa michezo aliyelipiwa mafunzo ya ukocha na kuachwa afanye kazi yake kwa miaka mitano bila kuhamishwa. Hakikisheni ombi limeandikwa, na jina la afisa aliyelipokea limeandikwa pia.