Neno la Mhariri: Ruhusa ya Kubuni

Karibu kila makala iliyoletwa kwa ajili ya toleo hili inaanza kwa kuomba ruhusa. Mwandishi anatumia kurasa tatu kutetea kwamba Mkristo hatendi dhambi akiandika habari za mazimwi, wachawi au sayari zenye watu, ndipo anaingia katika aliyokusudia kuyasema. Nyingi ya kurasa hizo nimezikata. C. S. Lewis alikwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo mwaka 1938 alipotoa riwaya ya Out of the Silent Planet, na mwaka uliofuata Tolkien akalijibu kwa hoja katika mhadhara wake wa St Andrews: binadamu ameumbwa kwa mfano wa Muumba, kwa hiyo naye hubuni. Sijaona aliyeongeza neno la maana tangu hapo.

Swali linalonikosesha usingizi ni jingine. Marekani walikuwa na soko kamili la vitabu vya Kikristo, lenye maduka yake, wasambazaji wake, tuzo zake na mamilioni ya wasomaji. Mbona soko lote hilo halikutupa kitabu hata kimoja cha kukaa bega kwa bega na Narnia ya Lewis? Narnia yenyewe ilitolewa London na wachapishaji wa kawaida. The Lord of the Rings ya Tolkien vilevile.

Jibu la mazoea ni kwamba msomaji wa maduka hayo anaogopa mambo ya ajabu. Hilo silikubali. Mwaka 1986 kampuni ya Crossway ilitoa This Present Darkness ya Frank Peretti, ambamo malaika na mapepo wanapigana kwa panga juu ya mapaa ya mji mdogo wa Ashton, na kitabu kikanunuliwa kwa wingi ajabu. Mwaka 1995 Tyndale House wakaanza kutoa Left Behind ya Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins. Humo abiria wanatoweka ndani ya ndege iliyo angani, nguo zao zikabaki vitini. Mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 60, na mwaka 2001 kitabu chake cha tisa, Desecration, kiliipita kila riwaya yenye jalada gumu iliyouzwa Marekani. Watu walioyameza hayo hawawezi kuitwa waoga wa ajabu.

Lakini tazama walivyoyasoma. LaHaye alikuwa mchungaji na mwalimu wa unabii, na riwaya zake zilipokelewa kama ufafanuzi wa kitabu cha Ufunuo uliotiwa wahusika. Cha Peretti wengi walikichukua kuwa mwongozo wa vita vya kiroho, wakaomba kama wahusika wake wanavyoomba. Soko lile halikuwa na ugomvi na miujiza. Lilichokikataa ni ubunifu wenyewe. Malaika mwenye upanga alipita mlangoni mradi msomaji aweze kuamini kwamba yupo kweli, au kwamba atakuja. Ulimwengu uliobuniwa tangu msingi, wenye jua lake, historia yake na dhambi zake, huo ndio uliokosa rafu.

Tabia hii tunayo na sisi, tena imekomaa. Kijitabu cha Mnigeria Emmanuel Eni cha mwaka 1987, chenye habari za mashetani na miji iliyo chini ya bahari, kilisambaa Afrika nzima kikisomwa kama ushuhuda. Mwandishi wa riwaya akiupeleka mji huohuo kwa mchapishaji wa kanisa na kusema wazi, "Huu nimeutunga mimi," ataulizwa maswali ambayo mtoa ushuhuda haulizwi kamwe. Mtu anayekiri kwamba ametunga ndiye mkweli kuliko wote katika habari hii, na ndiye tunayemshuku.

Ndiyo maana namrudia Madeleine L'Engle kila mjadala huu unapozuka. A Wrinkle in Time ilikataliwa na wachapishaji wengi kabla ya kutolewa na Farrar, Straus mwaka 1962, na mwaka uliofuata ikapata nishani ya Newbery. L'Engle alikuwa Mwanglikana mwenye imani ya dhati, akatumika kwa miaka mingi katika maktaba ya kanisa kuu la St. John the Divine, New York. Katika riwaya yake Yesu anatajwa kwa jina, na Injili ya Yohana imo. Hata hivyo Wakristo wenzake waliishambulia kwa miongo kadhaa, wakitaka iondolewe katika maktaba za shule, kwa kuwa orodha yake ya waliopigana na giza inaanza na Yesu kisha inawataja wasanii, wanasayansi na Buddha. Kwa hiyo wanaotushauri tumtaje Bwana katika sura ya kwanza ili kuwatuliza wasomaji wanatudanganya. L'Engle alimtaja, na haikumsaidia.

Kilichombana ndicho kilichowabana waandishi wa soko zima: dhamana. Duka la Kikristo liliuza vitabu, na pamoja navyo liliuza ahadi kwamba mzazi anaweza kumpa mtoto chochote kilichomo bila kukisoma kwanza. Kwa maungamo na vitabu vya sala ahadi hiyo inatimizika. Kwa riwaya za mapenzi za Waamish inatimizika pia, na zilijaa rafuni. Fantasia haiwezi kuitimiza, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kubadili kanuni za ulimwengu na kumwacha msomaji aulize upya kilicho chema. Mnunuzi aliyeliagizia duka vitabu akalazimika kukisia malalamiko kabla hayajaja. Mhariri akamkisia mnunuzi, mwandishi akamkisia mhariri, na joka likafa kabla halijaandikwa.

Jeff Gerke alilielewa hili mapema. Mwaka 2008 alianzisha Marcher Lord Press, kampuni ya fantasia ya Kikristo, akauza kwa njia ya intaneti, duka likawekwa kando. Mwaka 2014 kampuni ikawa ya Steve Laube, na leo inaitwa Enclave. Andrew Peterson alianza mfululizo wake wa fantasia, Wingfeather Saga, na mchapishaji mkubwa, akaimaliza mwaka 2014 kwa fedha zilizochangwa na wasomaji wake. Maduka yenyewe yameondoka: Family Christian walifunga mwaka 2017, LifeWay wakafunga yao yote 170 mwaka 2019. Sifurahii wauzaji wale kupoteza kazi. Nasema tu kwamba sababu ya kuandika kwa hofu imekwisha, na hofu bado ipo.

Yaliyomo, basi. Makala juu ya riwaya ya A Canticle for Leibowitz ndiyo bora katika toleo hili: Walter Miller, aliyeshiriki kuipiga mabomu abasia ya Monte Cassino, akaja kuandika watawa wanaohifadhi vitabu baada ya maangamizi, na mwandishi wetu ameifuata njia hiyo kwa subira. Makala ya tuzo za Christy, zile za riwaya za Kikristo, ina habari nyingi na hukumu chache mno. Ile ya riwaya ya Kusadikika someni polepole.

Hapa kwetu William Mkufya alitoa Ziraili na Zirani mwaka 1999, riwaya inayobishana na mbingu na kuzimu bila kungoja rafu ya kanisa. Wachapishaji wetu wa makanisa, ambao sasa wanazungumzia kuanzisha mfululizo wa riwaya za vijana, wakianza na orodha ya makatazo watapata vitabu vilevile vya Marekani, bila mamilioni yake ya wasomaji.

Toleo lijalo litakuwa la hadithi tupu. Hatudai barua ya mchungaji wala maelezo ya fundisho. Mwenye sayari, mwenye joka, mwenye mji chini ya bahari, alete hadithi nzima, na aseme kwamba ameitunga.