Gari Nayo Ikukae Kama Nguo



Mie mshonaji wenu wa Tanga nakaa na maharusi wengi, na siku hizi tukimaliza mazungumzo ya kitambaa na shela tunaingia kwenye gari. "Dada, ameniahidi gari." Nikiuliza gari gani, natajiwa jina, rangi, na kwamba inakimbia mno. Bado sijampata aliyeniambia kuwa ameikalia na kuishika usukani.

Leo nasema langu, na nikimgusa mtu anisamehe. Mbio ni kitu cha mwisho kinachoifanya gari iwe tamu kuendesha. Gari ni kama nguo, kwanza ikukae.

Hili nimejifunza kwa aibu. Gari yangu ya kwanza niliinunua kwa macho ya watu. Ilikuwa nyeusi, ya chini, injini kubwa, ukigusa mafuta tu inaruka. Siku ya kwanza nilitoka Ngamiani mpaka Raskazone najiona malkia. Lakini mie mfupi. Kiti kilikuwa chini sana, boneti siioni, nanyoosha shingo kila kona. Mgongo ambao tayari umechoshwa na cherehani ukazidi kuuma. Na kila tuta lazima tumbo la gari likwaruze.

Basi jioni moja nilimpakia bibi harusi kutoka Muheza, alikopakwa hina, tunarudi Tanga. Nikah ilikuwa kesho yake. Hina bado mbichi, viganja kaviweka juu kama mtu anayeomba dua. Mkanda hakufunga kwa kuogopa kuiharibu, na mie sikusema kitu. Tulikuwa tumechelewa, nikakanyaga mafuta. Karibu na Pongwe tuta nililiona limeshafika, nikafunga breki ghafla. Mwenzangu hana mkono wa kujishikia. Akaenda mbele, akadaka kiti changu kwa viganja vyote viwili.

Hakuumia, Alhamdulillah. Lakini maua yote aliyochorwa kwa saa nzima na zaidi yakabaki kwenye kiti. Mnajua alisema nini? "Samahani Dada, nimekuchafulia gari." Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza, nilikuwa naokoa nini? Muheza na Tanga hapafiki kilomita 40. Mwenye kwenda 80 na mwenye kwenda 100 hawapishani hata dakika saba. Kwa dakika hizo hata chai haijachemka, mie nilikuwa tayari kuhatarisha mtoto wa watu aliyekabidhiwa kwangu.

Gari ile niliiuza. Nilipotafuta nyingine nilikwenda kama fundi anayechukua vipimo.

Kipimo cha kwanza ni kiti. Ukikaa, mguu ufike kwenye breki bila kuteleza mbele, na uone barabara bila kunyoosha shingo. Kama unavaa nikabu au mtandio mpana, geuza kichwa kulia na kushoto, uhakikishe vioo vya pembeni unavipata. Vaa na buibui lako lile la kila siku, uone kama pindo linanasa kwenye pedeli. Haya muuzaji hatakwambia.

Cha pili ni usukani na breki. Sisi mafundi tunajua, mashine nzuri ni ile ukitaka mshono mmoja inakupa mmoja. Yenye mota kali inayorukaruka inakuharibia satini. Gari nayo ni hivyo hivyo. Ukigeuza kidogo igeuke kidogo, ukigusa breki ipungue vile mguu ulivyoomba.

Na hili si langu peke yangu. Wajapani wa Mazda wana msemo wao, jinba ittai, maana yake mpanda farasi na farasi wake wawe kitu kimoja. Mwaka 1989 walitoa MX-5, gari ndogo ya watu wawili, uzito wake karibu tani moja, injini lita 1.6 tu. Gari za kuishinda mbio zilikuwa tele. Lakini watu waliipenda jinsi inavyomsikiliza dereva, na mwaka 2016 ya milioni moja ikatoka kiwandani. Siwaambii mkainunue, shela halitaingia!

Cha tatu ni upole kwa abiria. Huku kwetu mjini ni matuta, Mombo kwenda Lushoto ni kona juu ya kona. Mama yako, mtoto aliyelala, bibi harusi, wote wanaihisi gari kupitia shokapu na mguu wako. Mie sasa naendesha Toyota Raum kuukuu, na najua wanaonicheka wapo. Lakini Raum zilizoanza kutoka mwaka 2003 upande wa kushoto hazina nguzo katikati ya milango, na mlango wa nyuma unateleza. Ukifungua yote miwili unapata uwazi mpana. Bibi harusi anaingia na gauni lake bila kukunjwa, anashuka vile vile nilivyompiga pasi.

Shoga yangu mmoja kaniuliza, "Sasa bila nguvu, malori ya njia ya Segera kwenda Chalinze utayapitaje?" Amesema kweli. Gari ikilemewa wakati wa kupita lori ni hatari, na mlima wa kwenda Amani hauna huruma kwa injini ndogo iliyojaza watu. Nguvu iwepo. Lakini iwe kama pesa iliyofungwa kwenye pindo la kanga, unajua unayo, huitembezi mtaani.

Na kuna raha isiyouzwa na gari. Dua ya kupanda chombo, ile ya Surat Zukhruf, inatukumbusha kuwa chombo tumetiishiwa na Mola wetu, hatukukiweza wenyewe. Zamani niliisoma huku nimeshaondoka. Sasa natoka nyumbani mapema, kila mtu anafunga mkanda, naisoma gari imesimama, ndipo naondoka. Raha niliyoipata hapo, gari nyeusi haikunipa hata siku moja.

Kwa hiyo wewe uliyeahidiwa gari, mshukuru mwenzio kwa maneno mazuri, kisha umwombe mkaijaribu pamoja. Ipeleke sokoni, irudishe nyuma kwenye uchochoro, ipitishe kwenye matuta mama yako akiwa nyuma. Ukishuka, muulize mama kwanza.

Allah awape safari za salama na ndoa zenye utulivu. Amin.