Kupenda Kutishwa Si Kuabudu Shetani

Limetokea jambo mtaani kwetu Kibokoni ambalo limenikaa kooni, nami nimeona ni afadhali nilitoe hapa mbele ya wasomaji kuliko kulimeza. Mwana wa ndugu yangu, kijana wa miaka 19, alipita barazani baada ya Magharibi amevaa fulana nyeusi yenye picha ya gofu la jumba na mbalamwezi, na maandishi yaliyosokotana kama mizizi ya mikoko. Mzee wetu mmoja, mtu mwenye heshima zake, alimsimamisha mbele ya watu akamwambia: "Wewe mwanangu, hiyo ni nembo ya shetani. Nenda kaivue, kisha utubu." Watu wakacheka. Kijana akainamisha kichwa akapita. Tangu siku hiyo haonekani barazani, na msikitini, mahali alipokuwa akisimama kando ya babake, sasa husimama mtu mwingine.

Wasomaji wapenzi, ikiwa pana kosa, basi kosa ni langu. Fulana ile nilimpa mimi. Mimi ndiye mpenzi wa filamu za kutisha, na wa ule muziki mzito wa magitaa uitwao metali, hasa tawi lake la gothiki, tangu ujana wangu hadi leo ambapo nimepita miaka hamsini. Nasali, nafunga, nina watoto, na majirani wanifahamu. Basi nastahili kujibu badala ya kijana ambaye hakujibu.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si shekhe, wala sikuja hapa kutoa fatwa. Suala la muziki lina wenyewe, na maulamaa wamelijadili kwa karne nyingi. Anayeuepuka kwa kumcha Mola wake simlaumu hata kidogo. Lakini neno lililotajwa barazani halikuwa "makuruhu" wala "haramu". Lilikuwa "shetani", na hilo ni neno jingine kabisa. Kumwambia Mwislamu kwamba amefanya lisilofaa ni nasaha. Kumwambia mbele ya kadamnasi kwamba amemwacha Mungu akamfuata shetani ni tuhuma, na tuhuma yataka ushahidi.

Mtu akiniuliza ni nani aliyenifunza kupenda kutishwa, nitamjibu kwamba si Mzungu. Ni nyanya yangu, humu humu Kibokoni, usiku umeme ukikatika. Paukwa! Pakawa! Kisha akaanza kisa cha Nunda mla watu, yule paka wa sultani aliyeanza kwa kula kuku, mwenyewe sultani akakataa asiuawe kwa kuwa paka ni wake na kuku ni wake, hata paka akawa dude lililokula ng'ombe, na watu, na mwishowe wana wa sultani mwenyewe. Kisa hicho ni cha kale, kwani Edward Steere alikichapa kitabuni mwaka 1870. Tulikuwa tukijibana ubavuni mwa nyanya huku tukitetemeka, na bado tukimwomba aendelee. Tulipotaka kucheza uchochoroni usiku tuliogopeshwa kwa mumiani wanyonya damu, hata kabla hatujalisikia jina la Dracula. Wala hakuna aliyesema kwamba nyanya anaabudu Nunda.

Baada ya hadithi zikaja senema. Wazee wetu walijazana Naaz na Regal, na miongoni mwa filamu za Kihindi walizozipenda zilikuwamo zile za majumba makongwe na wanawake waliovaa nyeupe wakiimba gizani. Mwaka 1949 Kamal Amrohi alitengeneza *Mahal*, Ashok Kumar na Madhubala wakicheza, na sauti ya Lata Mangeshkar ikasikika kana kwamba yatoka ukutani. Mwaka 1964 ikaja *Woh Kaun Thi?*, ambamo daktari anakutana na mwanamke barabarani usiku wa mvua. Katika filamu hizo mbili, ukifika mwisho hukuti jini. Katika ya kwanza, mzuka ni binti wa mtunza bustani. Katika ya pili ni njama ya jamaa anayetaka kumtia mtu wazimu ili arithi mali. Hata Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitumia njia iyo hiyo katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanababaika, naye Bwana Msa anamtafuta muuaji kwa akili, miongoni mwa walio hai.

Mimi mwenyewe ni wa enzi za video. Miaka ya themanini tulikusanyika sebuleni kwa jirani, watoto ishirini kwa runinga moja, tukitazama *Purana Mandir* ya ndugu wa Ramsay, filamu ya mwaka 1984, yenye lile jitu Saamri lililokatwa kichwa na laana yake ikabaki katika ukoo. Nililala na taa wiki nzima. Wiki ya pili nikaomba irudiwe.

Na huo muziki? Ami yangu alikuwa baharia, akaniletea kanda ya Black Sabbath. Baadaye nikajua kwamba jina hilo ni la filamu ya kutisha ya mwaka 1963, ya Mtaliana Mario Bava, aliyoicheza Boris Karloff. Vijana wa Birmingham waliona ajabu jinsi watu wanavyolipa pesa ili waogopeshwe, wakasema, basi na sisi tutunge muziki wa namna hiyo. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili akiwa na umri wa miaka 17, naye akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aweze kubonyeza nyuzi. Baadaye akazilegeza nyuzi zenyewe, na sauti ikashuka, ikawa nzito. Kwa hiyo uzito ule unaowatisha watu haukuletwa na mashetani. Mna ndani yake jeraha la mfanyakazi aliyekataa kuacha gitaa.

Kutoka hapo muziki ukagawanyika matawi mengi. Mwaka 1991 kundi la Paradise Lost, la Halifax huko huko Uingereza, lilitoa santuri iitwayo *Gothic*, na tawi la gothiki likapata jina. Ni muziki wa mwendo wa polepole, wenye kuimba mauti, upweke, magofu, na mapenzi yaliyokatika. Aliyezaliwa jirani na Ngome, mahali ambapo watu walizingirwa tangu 1696 hadi 1698 wakafa kwa njaa na maradhi, na aliyewahi kutembea peke yake katika magofu ya Gede jua likizama, hahitaji kufundishwa maana ya gothiki. Na aliyemsikiliza marehemu Juma Bhalo akilia na mapenzi kwa tuni za Kihindi hawezi kuushangaa muziki ulioitwa wa huzuni. Magitaa ni mengine, lakini moyo ni huo huo.

Babangu alifariki mwaka 1996. Sisi wanaume tuliambiwa tuvumilie, nasi tukavumilia. Nilisoma Yasini, nikapokea rambirambi, nikashukuru watu, sikutoa chozi. Miezi mingi baadaye, usiku, niliweka kanda moja ya muziki ule, gitaa likaja polepole kama wimbi la kusi linalojivuta kabla ya kuvunjika, nami nikalia hadi alfajiri. Nikaondoka nikatawadha. Sikuona kwamba nimemkosea Mungu wala babangu.

Lakini kanda zenyewe hazikukaa sana. Hiyo ilikuwa miaka ambayo Kenya nzima ilikuwa ikizungumza habari za shetani. Mwaka 1994 Rais Moi alikuwa ameunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Nicodemus Kirima wa kanisa Katoliki, na ripoti yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999. Katika hofu hiyo jamaa yangu mmoja alilichukua kasha langu akalimwaga baharini nyuma ya Ngome. Alidhani ananiokoa. Mimi nilijifunza jambo moja tu: kuficha. Kwa miaka mingi hakuna mkubwa yeyote aliyejua ninasikiliza nini, ninatazama nini, wala ninawaza nini.

Sitaficha upande wa pili. Katika muziki huu wamo watu waovu. Huko Norway, mwanzoni mwa miaka ya tisini, vijana wa tawi jingine la metali walichoma makanisa, na mmoja wao alihukumiwa mwaka 1994 kwa mauaji na kwa uchomaji. Yako pia makundi yanayocheza na alama za shetani ili yauze, nami siyasikilizi, na mwanangu namkataza. Ziko filamu za kumwaga damu tu, zisizo na kisa wala adabu, ambazo hazimfai mtoto, na hata mtu mzima hazimzidishii kitu. Lakini wale wa Norway walihukumiwa kwa walilotenda, hawakuhukumiwa kwa nguo walizovaa. Ndivyo inavyopasa.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Hofu iliyofungwa ndani ya hadithi haimdhuru mtu. Ina mwanzo na ina mwisho, taa zikiwaka watu huangaliana wakacheka. Hofu inayoua ni ile inayotoka nje ya hadithi ikaingia mitaani kutafuta mtu wa kumshika. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje ya nyumba zao wamekusanyana. Popobawa hakushikwa. Aliyeshikwa ni maskini mgonjwa wa akili, watu wakamwona mgeni wa ajabu, wakamuua. Hapa kwetu Pwani, katika Kilifi, wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka kwa kushukiwa uchawi. Ushahidi aghalabu ni mvi zao, na nyuma ya tuhuma mara nyingi umekaa ugomvi wa shamba. Kaya Godoma, huko Ganze, imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Hicho ndicho kisa cha kutisha, wala hakina magitaa. Tena ni kisa kile kile cha *Woh Kaun Thi?*: mtu anatengeneza mzuka ili apate mali.

Fulana ya kijana na mvi za mzee ni mbali, mtu ataniambia. Kweli ni mbali, na namshukuru Mungu kwamba pale barazani watu walicheka tu. Lakini njia ni moja. Kwanza tunatazama sura, kisha tunataja neno, kisha neno linafanya kazi yake. Huko Misri, Januari 1997, makumi ya vijana walikamatwa kwa tuhuma za kuabudu shetani, na kosa lililowaonyesha lilikuwa nguo nyeusi na muziki wa metali. Waliachiliwa baadaye, ila majina yao yalikwisha kutangazwa nchi nzima. Surat al-Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Tunaisoma aya hiyo kila mara, na pengine tunasahau kwamba inahusu pia dhana zetu juu ya watoto wetu.

Anayedhani dini na magitaa mazito haviwezi kukaa katika mtu mmoja naomba awatazame mabinti watatu wa Garut, Java ya Magharibi, wanaoitwa Voice of Baceprot. Walianza mwaka 2014 wakiwa wanafunzi, wanavaa hijabu, wanapiga metali, na mwaka 2024 walikuwa kundi la kwanza la Indonesia kupiga katika tamasha la Glastonbury, Uingereza. Kwao pia walitishwa na kutukanwa. Hijabu hawakuivua, na magitaa hawakuyaweka chini.

Wiki iliyopita nilimwendea yule mzee kwake. Nilimpa heshima zake, tukanywa kahawa, nikamuuliza kama anaikumbuka *Woh Kaun Thi?* Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kicheko cha kijana. Akaniambia kwamba usiku ule, akirudi kutoka senema, aliogopa kuingia uchochoroni peke yake, akangoja kwenye pembe hadi akapita muuza kahawa, wakafuatana. "Na kesho yake?" nikamuuliza. "Kesho yake nilirudi kuitazama tena," akasema. Hapo akaelewa nilikotaka kumfikisha, akanikazia macho. Hakusema kwamba nimeshinda. Alisema muziki ule bado haupendi, na kwamba ni makelele matupu. Nikamjibu kwamba hilo ni haki yake. Kisha akasema, "Mwambie mtoto aje."

Sijui kama atakwenda. Neno lililosemwa mbele ya watu haliondolewi kwa neno lililosemwa sebuleni, na kijana wa miaka 19 ana moyo mgumu. Lakini nawaomba wazazi wa Kibokoni, wa Kuze na wa kwingineko: mkimwona mtoto amevaa nyeusi, kabla ya kumtaja shetani, kaeni naye mtazame hiyo filamu anayoitazama. Muulizeni inamwogopesha nini, na baada ya hapo muulizeni anaogopa nini katika maisha yake. Hilo swali la pili ndilo lenye faida, na mtoto aliyefukuzwa barazani hana wa kumjibu.