Maharusi Wawili wa Kwenye Filamu

Mimi filamu ni ugonjwa wangu tokea utotoni. Mkono kwenye cherehani, jicho kwenye skrini. Hivi karibuni nimetazama mbili, na zote zina bibi harusi ndani yake.

Ya kwanza ni ya Kihindi, Laapataa Ladies ya Kiran Rao, iliyoingia majumba ya sinema 2024. Maharusi wawili wamo behewa moja la treni, nyuso zimefunikwa kwa mitandio myekundu inayofanana. Usiku bwana harusi mmoja anashuka, kumbe kamshika mkono wa mwenziwe. Mkewe mwenyewe, Phool, kaachwa ndani ya treni. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Mtoto wa watu hajui hata kijiji alichoolewa kinaitwaje! Anakumbuka tu kwamba kina jina la ua. Bibi muuza chai wa stesheni ndiye anayemsitiri. Na yule aliyeshushwa kwa makosa, Jaya, yeye anajua vizuri anakopelekwa na hataki kufika. Alitaka kusoma kilimo.

Wapo watakaosema filamu ile inadharau kujifunika. Mimi sikuona hivyo. Ile ni mila ya kwao, si hijabu yetu, na hijabu haijamkataza mtu kujua anakwenda wapi.

Ya pili ni ya hapa hapa kwetu, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Unguja ya miaka ya 1950, wakati wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, kaozwa mume mkubwa kwake kwa mbali, akakimbia. Nasema wazi, mapenzi yake na Denge sikuyapenda, na kuna mahali nilipeleka mbele. Lakini kabla sijamlaumu nilijiuliza, nani alimuuliza siku ya posa?

Maana dini yetu imeshalimaliza hili. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwanamwali huombwa idhini, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Sisi tumeshika kunyamaza, kuomba tumekusahau. Na Khansaa bint Khidaam, aliyekuwa ameshaolewa kabla, alipoozwa na baba yake asikotaka, alikwenda kwa Mtume mwenyewe, na ndoa ile ikavunjwa.

Kinachonifanya niyaandike haya ni biharusi mmoja aliyekuja kupimwa nguo na mama yake. Kila nililouliza, mama akajibu yeye: rangi, shingo, urefu wa mikono. Mama alipotoka kupokea simu nikamgeukia yule mtoto, "Na wewe mwenyewe unapenda nini?"

Akanyamaza. Halafu akasema polepole, "Dada, hili swali la kwanza naulizwa tokea posa ilipokuja."

Futi ikanibaki mkononi. Mteja ni mteja, na msimu wa harusi ndio unaonilipia kodi ya duka. Lakini mama aliporudi nilimwomba, kwa adabu, wakae kwanza wazungumze na mwanawe kabla sijatia mkasi. Alininunia, akaaga kwa mdomo wa mbele.

Kitambaa chao bado kiko juu ya rafu yangu. Sijakikata.