Mkopeshaji Mwema Hapigi Hodi

Katika vijiji vingi vya Tanzania mtu anayetafuta mtaji wa biashara ndogo hana shida ya kumpata mkopeshaji. Shida yake ni kumpata mkopeshaji mwema. Yule mbaya humfuata mwenyewe hadi mlangoni, amepanda pikipiki, ana daftari na maneno matamu, akampa fedha siku ile ile bila kumwuliza anakwenda kuzifanyia nini. Yule mwema hapigi hodi. Yuko chini ya mwembe siku ya mkutano pamoja na wenzake, wamelizunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Au yumo katika chumba kimoja cha chama cha akiba na mikopo, penye bango lililofifia. Hatangazi wala hana haraka. Na kwa kuwa hatangazi, wengi wanaomhitaji humpita wakienda kujitia kitanzi kwa yule mwingine.

Wananchi wenyewe wamekwisha kukipa kitanzi hicho jina: “kausha damu”. Jina hilo halikutungwa na mwanasiasa wala na mtaalamu wa uchumi. Limetungwa na watu walioonja.

Hesabu yake ni rahisi, na ni vema ifanywe mbele ya macho ya kila mtu. Mama muuza samaki anapewa shilingi 200,000. Anatakiwa arudishe shilingi 9,000 kila siku kwa siku thelathini. Elfu tisa kwa siku masikioni si nyingi. Lakini mwezi unapokwisha atakuwa amelipa 270,000, yaani riba ya 70,000, ambayo ni asilimia 35 kwa mwezi mmoja. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa ukomo huo riba ya mama huyu isingezidi shilingi 7,000. Ametozwa mara kumi. Tena malipo yake yameanza siku ya pili, kabla hata samaki wa kwanza hajauzwa, kwa hiyo zile laki mbili hakuzitumia kwa mwezi mzima hata siku moja. Akichelewa siku tatu, vyombo vya ndani hubebwa. Hapo ndipo huingia deni la pili la kulipia la kwanza.

MKOPO UNAOJIFICHA

Unyonyaji huu hauji siku zote kwa jina la mkopo. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi umejulikana kwa jina la kangomba. Mkulima wa korosho anayebanwa na ugonjwa au ada ya shule kabla ya msimu humwendea mfanyabiashara, akapewa fedha kidogo, naye akaahidi korosho ambazo bado ziko mtini, kwa kipimo na bei anavyopenda mwenye fedha. Mwaka 2018 Serikali iliwasaka sana wenye kangomba. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, nao umemsaidia mkulima kuuza mnadani badala ya kuuza gizani. Hata hivyo mnada hufanyika mavuno yakiisha kukusanywa, na njaa ya fedha huja kabla ya mavuno. Mahali ambapo hakuna mtu mwingine wa kumkopesha mkulima katika miezi hiyo, kangomba itarudi hata ikifukuzwa kwa rungu.

Hiki ndicho kiini cha jambo lenyewe. Mapato ya kijijini yana msimu. Mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini hutumia fedha kununua mbegu na mbolea mwishoni mwa mwaka, hutumia tena Januari shule zinapofunguliwa, naye huvuna katikati ya mwaka. Mkopo wa marejesho ya kila siku au kila wiki umetengenezwa kwa ajili ya mwenye genge la sokoni. Ukimpa mkulima mkopo huo, umemtaka akamue ng’ombe asiyezaa.

YALIYOPITA NI FUNZO

Nchi hii haikuanza jana kulitafutia jambo hili dawa. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, kwa sababu walichoka kuwa mateka wa wenye maduka na walanguzi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwaka 1971 ikafuata Benki ya Maendeleo Vijijini. Nia ilikuwa njema: fedha za taifa zimfikie mtu wa shamba.

Lakini haifai kuyafunika makosa kwa kuwa nia ilikuwa njema. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zao zikagawiwa mashirika ya umma na vijiji. Mikopo mingi ya pembejeo ikatolewa kwa jina la kijiji. Deni la kijiji kizima likawa si deni la mtu yeyote, na marejesho yakawa haba. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Kisha yakaja mageuzi. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu mabenki ya watu binafsi, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, ikazaliwa NMB na kurithi matawi mengi ya wilayani. Benki zikajifunza kutafuta faida, na faida haikai kwa mtu anayetaka kukopa laki moja na nusu kilomita arobaini kutoka barabara ya lami.

Mafunzo ni mawili. Mkopo unaoshuka kutoka juu bila akiba ya mkopaji mwenyewe hauheshimiwi. Na mkopo unaoachiwa soko peke yake haufiki kijijini, au ukifika huja umepanda pikipiki.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Njia ya tatu ilitoka kwa wanawake wa Niger, katika eneo la Maradi, mwaka 1991. Shirika la CARE liliwasaidia kuupanga upya mchezo wao wa kuchangiana uwe mfuko wa akiba na mikopo. Utaratibu huo ulifika Tanzania, Bara na Visiwani, miaka kumi hivi baadaye, na leo jina la VICOBA linajulikana hata kwa watoto.

Uzuri wake ni kwamba hauna siri. Mathalani, watu thelathini hukubaliana kuwa hisa moja ni shilingi 2,000, na kila mmoja hununua hisa moja hadi tano kwa wiki. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kuandikwa. Sanduku hukaa kwa mmoja, na funguo tatu hukaa kwa watatu wengine. Kila mmoja akinunua hisa tano, kwa wiki kumi na mbili sanduku litakuwa na shilingi 3,600,000. Mwenye akiba ya 120,000, katika kikundi kinachoruhusu mkopo wa mara tatu ya akiba, huweza kukopa 360,000. Wenzake humwuliza biashara gani, soko liko wapi, na atarejesha lini. Riba wanayotozana hurudi sandukuni, nao huigawana mwisho wa mzunguko kwa kadiri ya hisa. Kando yake huwapo mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa, ili mtaji usiliwe na matanga.

Pale ambapo mtaji unaotakiwa ni mkubwa kuliko sanduku, kipo chama cha akiba na mikopo, yaani SACCOS, ambacho ni chama cha ushirika kilichoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2013 na hakiruhusiwi kukopesha bila leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma hawa wote katika madaraja manne. SACCOS zimo katika daraja la tatu na husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vya kijamii vimo katika daraja la nne na huandikishwa kupitia halmashauri. Upo pia mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Wapo wasomi wanaodharau mambo haya. Husema kwamba kikundi cha akina mama wauza maandazi hakiwezi kujenga uchumi wa taifa. Watu hao wanasahau kwamba kahawa ya Kilimanjaro nayo ilianza na mashamba ya nyuma ya nyumba. Lakini wapo pia wanaovisifu vikundi kana kwamba havina dosari, na hao nao wanapotosha. Sanduku limewahi kuibwa. Mweka hazina amewahi kukimbia. Ukame ukija huwapiga wanachama wote kwa siku moja, na hapo hakuna wa kumwinua mwenzake. Aliye maskini kabisa, asiyepata hata elfu mbili za hisa, hubaki nje ya duara akitazama. Kwa sababu hizo kikundi kinahitaji chama cha ushirika nyuma yake, na chama kinahitaji benki nyuma yake. Ndiyo maana kuzinduliwa kwa Benki ya Ushirika mjini Dodoma mwaka 2025 kunapaswa kupimwa kwa swali moja tu: je, fedha zake zitalifikia sanduku la chini ya mwembe, au zitaishia mjini?

WAJIBU WA WENYE KUSOMA

Hapa ndipo mtumishi wa umma na mwalimu wanapoingia, wala hapana budi wasemwe bila kuoneana haya.

Fedha za asilimia 10 zilisimamishwa mwaka 2023 baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufichua mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi ambavyo havikuonekana. Ziliporejeshwa mwaka 2024 ilibidi utaratibu ubadilishwe. Vikundi hewa havikuandikishwa na wakulima wasiojua kusoma. Viliandikwa na watu wenye kalamu na kupitishwa na watu wenye muhuri. Kijana mwenye ulemavu aliyekuwa akisubiri cherehani alisubiri zaidi ya mwaka mzima kwa ajili ya dhambi isiyo yake.

Yupo mtendaji ambaye hugonga muhuri wa kijiji juu ya mkataba wa kausha damu bila kuusoma, akapewa chai yake. Yupo mtumishi ambaye mchana huhubiri maendeleo na jioni hukopesha jirani zake kwa riba ya nusu kwa nusu. Na wapo walimu waliokwisha kuwakabidhi wakopeshaji kadi zao za benki pamoja na namba za siri, hata mshahara ukiingia wao ndio wa mwisho kuuona. Mwalimu wa namna hiyo ni mnyonge kama muuza samaki, wala si wa kuchekwa. Lakini atawafundishaje wengine hesabu ya riba?

Msaada unaotakiwa kwao si mkubwa. Mwalimu wa hesabu huweza kukaa na kikundi siku moja kwa mwezi akakagua daftari, bila kuwa mwenyekiti wala kushika ufunguo. Bwana shamba huweza kuwashauri wanachama wapange marejesho yafuate mavuno. Afisa maendeleo ya jamii anapaswa kubandika kwenye ubao wa kijiji orodha ya vikundi vilivyoandikishwa, SACCOS zenye leseni, na siku ya kuomba mkopo wa halmashauri. Leo habari hizo hukaa katika jalada makao makuu ya wilaya, na mwanamke wa kijijini hulipa nauli mara mbili kwenda kuambiwa arudi kesho.

Na kabla mtu hajatia sahihi, ajue kuuliza maswali manne. Leseni au cheti cha kuandikishwa kiko wapi? Jumla nitakayorudisha ni shilingi ngapi, si kwa siku bali kwa mkopo mzima? Riba hiyo inakwenda kwa nani? Nikiugua au mvua isiponyesha, itakuwaje? Mkopeshaji mwema huyajibu yote manne mbele ya watu. Yule wa pikipiki hukasirika katika swali la pili.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Si lazima iwe hivyo. Katika vijiji vingi wapo wanawake walionunua mashine ya kusaga, wakasomesha watoto na kuezeka nyumba kwa fedha walizowekeana wenyewe, elfu mbili baada ya elfu mbili. Hawakusubiri mfadhili. Walichohitaji ni mtu mwaminifu wa kuwasomea maandishi madogo na kukagua daftari lao. Mtu huyo yupo katika kila kijiji chenye shule. Jumamosi hii mkutano utakuwapo tena chini ya mwembe, aende.