Walezi wa Watoto Wanadai Mshahara, Si Asante



Katika mazungumzo yaliyopita ya mkataba wa hali bora za kazi, tawi letu huku magharibi mwa Uganda lilipeleka kwa mwajiri madai kumi na moja. Dai la tisa lilihusu walezi wa watoto, yaani wale akina mama wanaobaki kambini na watoto wetu wakati sisi tuko shambani na kiwandani. Tulidai waandikwe kazi ya kudumu na wapandishwe daraja. Siku ya pili, saa nane mchana, meneja alisema dai la tisa likiondolewa mengine yatakwenda haraka. Tulitazamana. Tukaliondoa. Halikuchukua hata dakika tano, na ndani ya chumba kile hapakuwa na mlezi hata mmoja.

Tunaandika haya kwa sababu mazungumzo mengine yanakuja, na tangu siku ile ubishi haujaisha kambini. Wako wanaosema tulifanya vizuri, na hao si wachache. Tutawajibu. Lakini kwanza twendeni India, nchi ya wachuma chai kama sisi, ambako ubishi huu umefika mpaka katika mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Tarehe 2 Oktoba 1975 serikali ya India ilianzisha mpango wa kuwatunza watoto walio chini ya miaka sita, pamoja na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Ulianza katika sehemu 33 tu. Kituo chake kinaitwa anganwadi, neno linalotokana na ua wa nyumba, pale watoto wanapochezea. Kila kituo kina mlezi mmoja na msaidizi wake mmoja, wote wanawake. Vituo vyenyewe sasa vinakaribia milioni 1.4, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya wanawake milioni mbili.

Kazi yao ni nini? Wanapika chakula cha watoto na kuwagawia. Wanawapima uzito na kuandika kitabuni ni yupi anayekonda. Wanawafundisha wale wa miaka mitatu hadi sita. Wanawakumbusha akina mama siku za chanjo, wanazunguka nyumba kwa nyumba kuwaona wajawazito, na serikali ikitaka watu wa kutengeneza daftari la wapiga kura, huwaita hao hao. Tangu mwaka 2021 wametakiwa pia kuingiza hesabu zote hizo katika simu. Anayesema hiyo si kazi, basi atueleze kazi ni kitu gani.

Sasa sikilizeni namna wanavyolipwa. Kile wanachopewa kila mwezi serikali haikukiita mshahara. Ilikiita posho ya heshima, na wao wenyewe haikuwaita wafanyakazi bali watu wa kujitolea. Ujanja wote umefichwa hapo. Mfanyakazi ana kima cha chini, ana likizo, ana kiinua mgongo. Mtu wa kujitolea ana shukrani. Heshima ni kitu kizuri, lakini haiingii chunguni. Mwaka 2018 serikali kuu ilipandisha sehemu inayotoa yenyewe kutoka rupia 3,000 hadi 4,500 kwa mwezi kwa mlezi, na kutoka 1,500 hadi 2,250 kwa msaidizi. Majimbo huongeza juu yake kadiri yanavyopenda. Kwa hiyo wanawake wawili wanaofanya kazi ile ile, mpaka wa jimbo ukipita kati yao, hawapati sawa.

Walipokwenda mahakamani, mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 2006 mahakama ya juu ilisema hawa si watumishi wa serikali. Mwaka 2013 mkutano wa kazi wa taifa, ambamo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi hukaa pamoja, ulipendekeza walezi hawa na wenzao wa mipango mingine ya serikali wahesabiwe kuwa ni wafanyakazi na walipwe angalau kima cha chini. Pendekezo si sheria, nanyi mnajua mapendekezo hulala wapi. Ilikuwa mpaka tarehe 25 Aprili 2022 ndipo mahakama ile ile, katika kesi iliyotoka jimbo la Gujarat, ikaamua kwamba wanastahili kiinua mgongo chini ya sheria ya mwaka 1972, na kwamba ile posho ya heshima, kwa maana ya sheria hiyo, ni mshahara. Zaidi ya miaka kumi na tano ilipita kati ya hukumu hizo mbili. Aliyeanza kazi mwaka 1975 akiwa msichana, wakati huo alikwisha kuwa bibi.

Lakini lililotugusa zaidi ni la jimbo la Andhra Pradesh. Tarehe 12 Desemba 2023 walezi wa jimbo hilo waligoma. Walezi walikuwa wakipata rupia 11,500 kwa mwezi na wasaidizi wao rupia 7,000, nao walidai nyongeza, na kiinua mgongo ambacho mahakama ilikwisha kusema ni haki yao. Mgomo ukaendelea, mwaka mpya ukawakuta nje. Tarehe 6 Januari 2024 serikali ya jimbo ikatumia sheria ya huduma za lazima, ikapiga marufuku mgomo wao kwa miezi sita. Hebu tafakarini jambo hilo. Siku ya kulipwa, mama huyu ni mtu wa kujitolea, anasaidia tu. Siku anapokataa kufungua mlango wa kituo, ghafla kazi yake ni ya lazima, nchi haiwezi kwenda bila yeye, na polisi wanaweza kuitwa. Ikiwa kazi ni ya lazima siku ya mgomo, ni ya lazima pia siku ya mshahara. Walishikilia siku 42 kabla ya kurudi kazini.

Baadhi yenu mtasema India ni mbali, na mambo ya serikali yao hayatuhusu. Haya, turudi kambini kwetu.

Mnakumbuka msimu ule wa mvua kubwa, majani yalipokuwa yanaota kama yamechochewa. Mlezi mmoja alishikwa na malaria, na mwenzake alikwenda kumzika mama yake. Nyumba ya watoto ikafungwa siku nne. Nyapara alisema, "Si kitu, hao yaya hukaa tu." Siku ya kwanza akina mama waliingia shambani na watoto mgongoni. Anayejua kuchuma chai anajua maana yake: huwezi kuinama sawasawa, huwezi kubeba kikapu kikijaa, na kila saa unasimama kunyonyesha. Wengine waliwalaza watoto juu ya gunia katikati ya mistari, chini kumelowa, na vichaka vile vina nyoka. Jioni karani wa mizani alikuwa akiandika kilo 20 kwa watu aliozoea kuwaandikia 40. Siku ya tatu vitanda vya kunyausha majani kiwandani vilikuwa nusu vitupu, na wanaume wa zamu ya mchana wakaambiwa warudi nyumbani, hakuna jani la kusindika. Siku hiyo hawakulipwa.

Kwa hiyo wale yaya waliokuwa wakikaa tu, walipoacha kukaa, mizani ilijua, kiwanda kilijua, na mifuko yetu ikajua. Aliyekuwa hajui ni kitabu cha mishahara, kwa sababu humo walezi wameandikwa vibarua. Mkataba wao ni wa miezi mitatu mitatu. Miezi mitatu ikiisha wanapumzishwa wiki moja, halafu wanaandikwa upya, na mmoja wao ameandikwa upya hivyo kwa miaka tisa.

India ilikuwa na sheria ya mashamba makubwa ya mwaka 1951 iliyomlazimu mwajiri mwenye wanawake 50 au zaidi kuweka nyumba ya watoto na kuweka mtu wa kuwaangalia. Wale waliotunga sheria ile hawakuwa na huruma kupita watu wengine. Walijua kwamba shamba la chai linachumwa na wanawake, na wanawake wana watoto.

Sasa hoja za wenzetu. Ya kwanza ni kwamba kulea ni kazi ya moyo, na mama hulea wake bure. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, nao hawakuwa wanachama wa chama chochote. Mama hulea wanawe wawili au watatu nyumbani mwake. Mlezi wetu anapokea watoto thelathini saa kumi na mbili asubuhi, huyu ana kikohozi, yule ameachwa bila uji, na akipotea mmoja atajibu yeye. Hoja hii tumeisikia sana kwa wanaume ambao hawajawahi kushinda na watoto hao hata asubuhi moja. Tusiipotezee wino.

Hoja ya pili ni nzito, na tunaiheshimu. Mwanachama mmoja alisimama katika mkutano akasema: mfuko wa mwajiri ni mmoja, kila shilingi atakayopewa mlezi itatoka kwa mchumaji. Mwenzetu huyu si mchoyo. Ana watoto watano na anachuma kwa kilo. Hatutamdanganya kwamba fedha huota juu ya miti. Meneja anaweza kweli kuja na fungu moja na kutuambia tugawane wenyewe, maana hiyo ndiyo njia yake ya kutugombanisha.

Lakini tazameni tumesimama wapi. Kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Leo fedha hiyo ni soda chache. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka utaratibu mpya, Rais akakataa kuutia sahihi. Maana yake ni kwamba chini ya miguu yetu hakuna sakafu ya sheria. Sakafu yetu ni mkataba tunaoandikiana na mwajiri, basi. Mtu tunayemwacha nje ya mkataba haangukii mahali fulani pa chini palipowekwa na serikali. Anaanguka tu. Na akishaanguka, mwajiri humtumia kutuvuta sisi. Hatusemi kwa kubahatisha. Wachambuzi wa majani kiwandani walipodai nyongeza, waliulizwa kwa nini wanalalamika ilhali walezi wanachukua nusu ya fedha zao na hawasemi neno. Hawasemi kwa sababu tuliwanyamazisha sisi.

Tulikosea hivyo pia kwa walimu. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wenye shahada mpaka shilingi milioni 4 kwa mwezi, ikawaacha wa masomo mengine na wa shule za msingi, na mwezi wa Juni wakagoma. Wengi wetu tulikaa chini ya mti wa bohari tukisema walimu wana tamaa. Hatukuuliza ni nani aliyeamua kwamba anayemfundisha mtoto kusoma herufi anafanya kazi ndogo. Na wale wa chini ya umri wa shule hawakutajwa kabisa, kwa kuwa katika nchi yetu malezi na masomo yao yameachwa mikononi mwa watu binafsi. Kambini, mtu binafsi huyo ni mwajiri, na asipoguswa na chama hataguswa na mtu.

Basi msimamo wa kamati ni huu, nasi tunajua hautapigiwa makofi na wote. Dai la walezi limerudi katika orodha, na safari hii ni la tatu. Tunadai kazi ya kudumu kwa kila aliyefanya zaidi ya mwaka mmoja, hata kama alipumzishwa wiki moja moja katikati. Tunadai daraja moja na wachambuzi wa majani. Ikitokea meneja akaweka fungu moja mezani, tuko tayari walezi wapate asilimia kubwa kuliko wachumaji kwa mwaka huu, kwa sababu wanaanzia chini mno. Hilo la mwisho halikukubaliwa na kamati nzima. Wanne walikubali, watatu walikataa, na mmoja wa hao watatu ni miongoni mwa walioandika haya.

Walezi wawili, waliochaguliwa na wenzao, watakaa mezani pamoja nasi. Meneja akisema tena kwamba dai lao liondolewe, atawaambia wao machoni.

Mkutano wa tawi ni Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, saa nne asubuhi, pale pale chini ya mti wa bohari. Wenye kupinga waje wapinge. Watoto msiwaache kwa walezi siku hiyo. Njooni nao, maana walezi nao wana kura.