Kombe Lingoje, Kwanza Tupewe Jumamosi

Katika mkutano wa mwaka jana, kaka zetu waliosoma hapa zamani walitangaza kwamba wanakusudia kutoa kombe kila mwaka kwa mwanafunzi atakayeonekana kuwa mwigizaji chipukizi wa shule. Tulipiga makofi sana, na mimi nilipiga pamoja na wenzangu. Usiku ule kitandani nikaanza kuingiwa na shaka, na shaka hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Natumaini kaka zetu hawataniona mtovu wa shukrani.

Fikra ya kombe hilo, kama nilivyoelewa, imetoka Uingereza. Msemaji wao alitukumbusha habari za Daniel Kaluuya, mwigizaji aliyezaliwa London na wazazi wa Uganda, akatuambia kwamba damu yetu imeng'aa mbele ya dunia, na sisi nasi tukitiwa moyo kwa zawadi tutang'aa vivyo hivyo. Habari za Kaluuya ni za kweli. Lakini naona zilisomwa kuanzia ukurasa wa mwisho.

Waingereza wana chama chao cha sanaa za filamu na televisheni, kiitwacho BAFTA, ambacho asili yake ni mwaka 1947. Kila mwaka hutoa tuzo, za filamu kwa siku yake na za televisheni kwa siku yake, na mshindi hupewa uso wa shaba uliofanywa kama kinyago cha mwigizaji. Miongoni mwa tuzo hizo iko moja ya nyota anayechipukia, iliyoanza kutolewa mwaka 2006, ambayo mshindi wake huchaguliwa kwa kura za watu wote. Kaluuya aliipata mwaka 2018. Lakini mwaka ninaotaka kuueleza hasa ni 2021.

Mwaka uliotangulia, yaani 2020, watu 20 waliopendekezwa kwa tuzo za uigizaji wa filamu walikuwa wazungu watupu. Zikapigwa kelele nyingi, nazo zilistahili kupigwa. BAFTA ikajichunguza, ikabadili kanuni zake, na mwaka 2021 kati ya watu 24 waliopendekezwa, 16 hawakuwa wazungu. Ndipo watu wakasema, ‘Tazameni jinsi vipaji vilivyochipuka!’ Je, watu hao wote walichipuka kwa miezi 12? La hasha. Walikuwapo siku zote. Kilichogeuka ni macho ya waamuzi. Jambo hilo ni kubwa, wala silidharau. Ila macho ya waamuzi, hata yawe makali namna gani, hayawezi kumwona mtu ambaye hajapata mahali pa kusimama.

Aliyepata tuzo ya nyota anayechipukia mwaka huo ni Bukky Bakray, msichana wa London aliyezaliwa mwaka 2002, yaani umri wake ulikuwa kama wetu sisi wa kidato cha sita. Filamu yake ni Rocks, iliyoongozwa na Sarah Gavron. Inasimulia habari za msichana ambaye mama yake ameondoka nyumbani, naye anahangaika kumtunza mdogo wake wa kiume na kumficha ili wasije wakatenganishwa na wakuu wa serikali. Bakray hakuwa mwigizaji. Watengenezaji wa filamu walikwenda katika shule za London, wakakaa na wasichana, wakazungumza nao, wakacheza nao michezo ya kujaribu, tena si kwa siku moja wala mbili, hata hadithi yenyewe ikapata umbo kutokana na maneno ya wasichana hao. Filamu hiyo ikapendekezwa kwa tuzo 7. Mbali na tuzo ya Bakray ilipata nyingine moja, nayo ni ya kuchagua waigizaji. Maana yake ni kwamba hata ile kazi ya kuzunguka mashuleni ilipewa uso wake wa shaba. Nilipolisoma hilo nililirudia mara mbili.

Mwaka huohuo Kaluuya alipata tuzo ya BAFTA ya mwigizaji msaidizi, na siku chache baadaye akapata Oscar ya Marekani, kwa kumwigiza Fred Hampton, kijana aliyeuawa na polisi Chicago mwaka 1969 akiwa na miaka 21. Hapa kwetu watu waliruka kwa furaha. Lakini turudi nyuma. Kaluuya alipokuwa na miaka 9 aliandika mchezo, nao ukachezwa katika jumba la michezo la Hampstead. Baadaye alijifunza katika vikundi vya vijana vya mtaani, kimojawapo kikiwa kile cha Anna Scher, na kingine chuo kilichoanzishwa mwaka 1978 ambacho jina lake la kwanza maana yake ni Chuo cha Sanaa cha Mwisho wa Juma. Tafadhali lisomeni jina hilo tena! Alipofika miaka 17 alikuwa akionekana katika televisheni na kusaidia kuandika. Na siku alipopewa ile tuzo ya mwaka 2018 alimshukuru mama yake, kisha akasema wazi kwamba yeye ni zao la fedha zinazotolewa kusaidia sanaa. Hakusema kwamba alitiwa moyo na kombe.

Najua nitaambiwa kwamba London ni mji wa kitajiri na sisi ni watoto wa wakulima. Basi tuitazame Kampala. Filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016 ilipotafuta msichana wa kumwigiza Phiona Mutesi, mcheza sataranji, ilimpata Madina Nalwanga katika darasa la ngoma. Tena tuwakumbuke wanafunzi wa Makerere ambao mwaka 1965 walianza kusafiri na michezo yao, wakiigiza bure kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, mahali ambapo jumba la michezo halikuwapo. Huenda baadhi ya wazee wa kaka zetu waliwaona.

Sasa nije hapa petu. Mwaka juzi, katika mchezo wa Noeli, mvulana wa kidato cha kwanza alipewa kazi ya mwenye nyumba ya wageni aliyemkatalia Yosefu nafasi. Maneno yake yalikuwa mistari miwili tu. Aliyasema kwa ukali, kisha akamtazama Mariamu tumboni, akanyamaza, akafunga mlango polepole kama mtu mwenye aibu. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo; mimi nilikuwa mchungaji wa pili, nilikuwapo katika mazoezi yote. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mwaka jana mchezo wa Noeli haukuchezwa, kwa kuwa jukwaa limefanywa ghala. Mvulana yule sasa yuko kidato cha tatu, na anajulikana kwa mpira. Kombe likija mwaka huu, waamuzi watamwona wapi?

Kwa hiyo ombi langu kwa kaka zetu ni hili: bei ya kombe iwe nauli na chakula cha mchana cha mtu mmoja anayejua kazi ya jukwaa, aje kutoka mjini kila Jumamosi alasiri kwa muda wa muhula mmoja. Kombe lingoje mpaka wawepo wa kushindana. Walimu wengine wanahofu kwamba mitihani itaharibika. Hofu hiyo naifahamu, kwa sababu mimi mwenyewe nina mtihani mwaka huu, lakini saa mbili za Jumamosi ndizo saa tunazofulia nguo na kulala juani, wala sijaona mtu aliyefaulu kwa kulala juani. Wengine wanasema uigizaji huzaa uhuni. Hao nawaomba waje waone mazoezi jinsi yanavyochosha.

Mimi nitaondoka mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo siombi kwa ajili yangu. Ufunguo wa mlango wa nyuma wa jukwaa uko kwa mtunza ghala, na kwa ruhusa yake niliingia juma lililopita. Magodoro yaliyomo ni 43, mengi yamechanika. Chumba kilicho nyuma ya jiko kiko tupu tangu Pasaka, nami nimekipima kwa hatua: yote yanaenea.